Miaka Kumi na Moja ya Laptop ya Mwihaki

Watu hawakuja kwa Mwihaki kunywa chai. Walikuja wakiwa wamefiwa. Ukiingia zile plot za nyuma ya soko la Kitengela na kuulizia nyumba yake, nyumba ya Mama Judy, mtu alikutazama usoni kwanza, akakupa pole, ndipo akakuonyesha geti la buluu. Pale ndipo historia za marehemu zilipoandikwa. Vile vijitabu tunavyopewa mazishini, picha ya mtu iko mbele, amevaa suti aliyoazima ya kwendea harusi, na ndani imeandikwa amezaliwa wapi, amebatizwa lini, amesoma hadi wapi, amezaa nani na nani, ameugua vipi, amelala siku gani. Wengi waliozikwa kuanzia Kitengela hadi Isinya walipita kwanza mikononi mwa Mwihaki. Alihesabu mpaka mia nne na kitu, kisha akaacha, akaona ni kama kujisifu.

Kazi yote hiyo aliifanya kwa mashine moja, kwa hivyo tuanze na mashine.

Laptop ile ilinunuliwa mwaka wa elfu mbili kumi na nne, wiki ile Mwihaki alipostaafu ukarani wa taipu kule Kajiado. Mumewe, Ngigi, aliyekuwa dereva wa malori maisha yake yote, alitoka asubuhi bila kusema anakwenda wapi, akarudi nayo ndani ya kiroba cha unga. Ilikuwa mtumba, zile zilizotumika katika ofisi za ng'ambo mpaka wenyewe wakazichoka, zikaletwa huku kuanza maisha. Nyeusi, nene, nzito kama jiwe la kujengea. Chini ilikuwa na kibandiko chenye nambari ya ofisi fulani ambayo hakuna mtu Kitengela angewahi kuijua. Duka lililoiuza liligeuka kibanda cha chipsi, likawa saluni, likawa chipsi tena, na laptop bado inawaka.

Majirani walinunua zao. Judy, bintiye anayeishi Rongai, alinunua nyembamba ya rangi ya fedha, ikavunjika bawaba kabla ya miaka miwili. Pasta alikuwa kwenye ya tatu. Dinah, rafiki yake wa nyumba ya pili, alimnunulia binti yake mpya ya dukani yenye karatasi ya waranti, ikazima kabisa wiki moja baada ya waranti kuisha, kana kwamba ilikuwa inaangalia kalenda. Ndiyo maana kila mtu aliyetaka kununua laptop alipitia kwanza kwa Mwihaki kuomba ushauri.

"Hii yako ni ya aina gani, Mama Judy?"

"Aina si kitu. Ni vile unaitunza."

"Haijawahi kuharibika?"

"Haijawahi kuniangusha hata siku moja."

Alilisema hilo kwa sauti ya mama anayesifia mtoto aliyekuwa nambari moja. Kwenye chama, akina mama walimtania bila huruma. "Mwihaki akienda mbinguni atauliza kama kuna soketi." "Huyo Ngigi ni mume wa pili. Wa kwanza anachajiwa." Naye alicheka nao, akapokea utani huo kama zawadi.

Na kweli aliitunza. Aliifumia kitambaa. Mwafahamu vile vitambaa vya kufuma kwa sindano vinavyowekwa juu ya redio, juu ya televisheni, juu ya viti. Kitambaa cha laptop kilikuwa kizuri kuliko vyote mle ndani, cheupe, ukingo wa rangi ya damu ya mzee, na pembe zake nne zilianguka mpaka mezani. Vumbi la Kitengela halina adabu, hasa ukikaa karibu na barabara ya malori ya mawe, na Mwihaki hakutaka hata chembe iguse mashine yake. Akimaliza kuandika aliifunga na kuifunika. Akiinuka kwenda kukoroga maharagwe aliifunika. Ikiwa kwenye chaji, inapumua pole pole na taa yake ndogo inawaka, aliifunika vilevile, akavuta pembe zikae sawa. Aliona ni heshima.

Munguti, fundi wa laptop mwenye kibanda karibu na steji, aliiona mara moja tu, mwaka ule Mwihaki alipobadilisha betri. Alipitisha mkono ubavuni mwake.

"Mum, hii inafaa ifunguliwe isafishwe ndani. Kila mwaka, angalau mara moja."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Sasa unafungua nini? Ukiona mtu mzima anatembea barabarani, unampasua tumbo uangalie?"

Watu waliokuwa wakingoja simu zao walicheka. Munguti naye akacheka, akafunga betri, akamrudishia. Hakuna aliyeikumbuka siku hiyo tena kwa muda mrefu.

Kuna jambo la kujua kuhusu mikono ya Mwihaki. Alipoingia kazini Kajiado akiwa msichana, chini ya karani mkuu aliyeitwa Ruth, somo la kwanza alilopewa lilikuwa hili: usisome unachotaipu. Ruth alimwambia karani akianza kusoma anaanza kuwa na maoni, na akiwa na maoni anakosea. Maneno yaingie kwa jicho au kwa sikio, yatokee kwa vidole, yasipite moyoni. Mwihaki alilijua hilo somo kuliko wote. Angeweza kutaipu barua ndefu ya mgogoro wa ardhi huku akiwaza mboga za jioni, barua ikatoka safi bila kosa, na ukimuuliza ilikuwa inahusu nini, hakujua. Hata historia za marehemu aliziandika hivyo. Familia zilikaa mbele yake, zikasema, zikalia, zikagombana, na vidole vilikwenda. Mara nyingine shangazi fulani aliegemea mbele akanong'ona, "Huyo mtoto wa nje, toa." Mwihaki alitoa. Si kazi ya karani kuuliza.

Miaka minne iliyopita Ngigi alisema anataka kuandika historia yake mwenyewe akiwa hai. Mwihaki alimuuliza kama anaumwa mahali. Ngigi akasema hapana, ila amesikia jinsi watu wanavyodanganya juu ya maiti, na yeye hataki kudanganyiwa. Basi kila Jumapili baada ya kanisa, Mwihaki alifunua kitambaa, Ngigi akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akasema. Alisema juu ya baba yake, juu ya kuacha shule, juu ya lori la kwanza ambalo breki zake zilishika zikitaka. Alikuwa mtu wa mzaha na alijua kusimulia. Zile Jumapili zilikuwa, bila wao kuambiana, wakati mzuri kuliko wote wa ndoa yao.

Kisha ikafika Jumapili ya Magadi.

"Andika Magadi," Ngigi alisema.

"Nimeandika. Dereva, miaka sita, kubeba magadi."

"Andika na mtoto."

Vidole vya Mwihaki havikusimama. Ngigi alitazama dirishani akaendelea kusema, pole pole, kama mtu anayerudisha lori nyuma mahali pembamba. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akiishi kwenye zile nyumba za kampuni. Akamtaja jina na kwao. Kulikuwa na mtoto. Akamtaja jina, na jina la pili, na mwaka. Akasema wakati huo alikuwa hajamjua Mwihaki, kisha alipomjua aliogopa, kisha miaka ikawa mingi mno. Akasema mwanamke yule alihama na yeye hakumtafuta.

"Siku hiyo yangu ikifika," akasema, "nataka huyo mtu asomwe na wengine. Judy, Kiama wetu, na yeye. Asiachwe nje. Kama anaweza kupatikana nikiwa bado hai, vizuri zaidi. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

"Nitakusomea siku nyingine."

Akafunga laptop, akaifunika. Hakusikia hata jina moja. Hilo si kusema tu, hakulisikia. Mwili wake ulifanya alichofundishwa na Ruth miaka arobaini nyuma. Maneno yaliingia sikioni, yakatoka kwa vidole, yakakaa ndani ya mashine, na moyoni mwake mlikuwa na kelele tupu.

Alikasirika kwa miezi miwili. Kukasirika kwake kulikuwa kwa kimya na chumvi nyingi kwenye chakula. Jumapili za hadithi zikaisha bila mtu kutangaza. Judy alipokuja na kaflashi mkononi akasema, "Mum, weka kazi zako zote hapa, hiyo mashine imezeeka," Mwihaki alimjibu kwamba mashine ni nzima kuliko yeye Judy. Sababu ya kweli alijua mwenyewe. Ile karatasi ikitoka kwenye laptop, Judy angeisoma. Ndani ya laptop palikuwa mahali salama, na mahali hapo hapakuwahi kumwangusha.

Mwezi wa tatu, alipokuwa ameanza kuandaa chakula kwa chumvi ya kawaida, Ngigi alianguka bafuni. Stroke. Alirudi kutoka hospitali akiwa na upande mmoja wa mwili na hana neno. Daktari alisema huenda maneno yakarudi. Hayakurudi. Kilichokuja badala yake ni machozi. Ngigi alilia akiona taarifa ya habari, akalia mvua ikinyesha, akalia akiletewa chai. Daktari alieleza kwamba ugonjwa wenyewe ndio hufanya hivyo, kwamba machozi ya namna hiyo hayana maana ya huzuni wala furaha, ni kama mfereji uliokatika kifunga. Mwihaki alizoea kubeba kitambaa cha kumpangusa.

Ukaenda mwaka mzima. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima na jambo bila kuligusa, hasa akiwa na mgonjwa wa kugeuza kitandani.

Kilichomsukuma ni mazishi fulani huko Isinya, Februari iliyopita. Alikuwa ameandika ile historia mwenyewe, na kwenye kuandika familia ilimwambia atoe jina moja, akatoa. Sasa amekaa chini ya hema, msomaji anasoma, na nyuma ya tangi la maji Mwihaki anaona mwanamume wa miaka kama arobaini amesimama na mkewe na watoto wawili waliovaa nguo za Krismasi. Hakumjua, lakini alimjua. Msomaji alisoma watoto wa marehemu, wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanamume yule alingoja mpaka msomaji akageuza ukurasa. Kisha akamshika mtoto mdogo mkono, wakazunguka tangi, wakaenda zao barabarani.

Mwihaki alirudi nyumbani. Alfajiri, kabla hata ya kumpa Ngigi uji, alifunua kitambaa. Alitaka ukurasa wa Magadi. Alitaka jina.

Laptop iliwaka, ikaonyesha maandishi meupe ambayo hakuwahi kuyaona, na kutoka ndani yake ikatoka sauti: tik, tik, tik. Kisha kimya. Aliizima akaiwasha. Tik, tik, tik. Akaipiga kibao kidogo ubavuni, kama mtu anavyoamsha televisheni. Akaiwasha tena. Aliizima na kuiwasha mara saba, na kila mara alisema kwa sauti ya chini, "Hebu, hebu, usinifanyie hivyo." Mara ya saba hata ile tik ilibadilika, ikawa kama kucha kwenye sahani.

Saa mbili alikuwa kwa Munguti.

Kitengela hakuna mtu anayemwachia fundi laptop akaondoka. Fundi hufungua mbele ya mwenyewe, na mwenyewe hukaa kwenye stuli akihesabu kila skrubu inayotoka, maana wote wameshasikia habari za mtu aliyerudishiwa mashine yenye nusu ya vitu vyake. Kwa hivyo Mwihaki alikaa kwenye stuli na mkoba mapajani, akaona kila kitu.

"Ulinunua lini hii, mum?"

"Kumi na nne."

"Miaka kumi na moja! Hii imekula chumvi. Na hukuwahi kuifungua?"

"Haikuwa mgonjwa."

Munguti alitoa skrubu, akaziweka kwenye kifuniko cha soda. Akainua mfuniko wa chini. Akavuta taa karibu. Fundi akivuta taa, mwenye mashine husikia kwenye mifupa.

"Nini?"

Munguti alichukua kibano, akaingiza karibu na feni, akavuta. Kikatoka kitu cheupe cha kijivu, kirefu, kama mkia wa panya. Akavuta kingine. Akaviweka mezani vikajikunja. Vilikuwa vumbi, lakini vumbi lililoshikwa na nyuzi, nyuzi za pamba nyeupe, na humo ndani, hapa na pale, uzi mwembamba wa rangi ya damu ya mzee.

"Mum, ulikuwa unaifunika na nini?"

"Kitambaa."

"Ikiwa imezimwa?"

"Ikiwa kwa chaji. Ikiwa... saa zote."

"Feni inavuta hewa kwa hapa. Sasa imekuwa inavuta kitambaa. Miaka hii yote imekuwa inapika ndani." Aliona uso wake, akapunguza sauti. "Lakini hii ilikuwa mashine, aki. Nyingine ingekufa mwaka wa pili. Hii ilivumilia."

"Munguti. Sijali mashine. Kuna kitu niliandika ndani. Ukurasa mmoja. Nitolee huo ukurasa."

Munguti akachomoa diski, kidude kidogo cha bati kisichozidi kiganja, akakiunganisha na mashine yake. Tik. Akakichomoa haraka kama kilichomchoma.

"Uliiwasha mara ngapi baada ya kuanza kulia hivi?"

"Saba."

"Na ulipiga?"

"Kidogo."

Munguti alikuna kichwa. Ndani ya kile kidude, akamweleza, kuna sahani inayozunguka na sindano inayosoma bila kugusa. Joto na uzee vimeangusha sindano. Kila alipoiwasha, sindano ilikuwa inakwangua pale pale maneno yalipo. "Mara ya kwanza kama ungezima ukaniletea... sijui. Singekuahidi. Lakini mara saba, mum..." Alipangusa meza ambayo haikuwa chafu.

"Kuna mtu Nairobi," akasema hatimaye. "Hufungua hizi kwa chumba hakina vumbi. Nitampelekea mwenyewe. Usikuwe na matumaini mob, lakini tujaribu."

Tujaribu. Mwihaki alilibeba neno hilo nyumbani kama mtu anayebeba maji kwa mikono. Siku tisa alingoja. Siku hizo akajaribu njia yake mwenyewe. Alikaa mezani, akafumba macho, akaweka vidole kwenye meza tupu kama vile vilivyokaa Jumapili ile, akaviambia vikumbuke. Alidhani kidole cha shahada cha kulia kilikuwa na kitu, kwamba kiliteremka mahali N ilipo. Akakiacha kiende. Vidole vyote vikaanza kwenda, kwa haraka, kwa uhakika, na alipovifuata alikuta vinaandika vilichokiandika mara mia nne: Marehemu alizaliwa mwaka wa. Akaviondoa mezani, akavikalia.

Alimweleza Dinah. Alikuwa hajamweleza mtu. Dinah aliingia siku hiyo kama kawaida, akasimama mlangoni akasubiri salamu.

"Takwenya," Mwihaki alisema kwa Kimaasai, kama alivyojifunza Kajiado.

"Iko," Dinah aliitikia. "Mbona uso wako ni wa jana?"

Akamweleza yote, kuanzia Magadi mpaka kitambaa. Dinah alisikiliza mpaka mwisho bila kusema pole, na Mwihaki alimshukuru kwa hilo.

"Niko na ndugu ya mama yangu huko chini Magadi," Dinah alisema. "Amechunga huko tangu zamani. Nitauliza. Lakini nitauliza nini? Dereva moja Mkikuyu, mwaka ya themanini na kitu, na mwanamke? Mama Judy, hao walikuwa wangapi?"

"Uliza tu."

Dinah aliuliza. Jibu lilikuja baada ya siku tatu kwa simu iliyokatikakatika. Zile nyumba za kampuni, mtu akiacha kazi anatoka siku hiyo hiyo, na mwingine anaingia. Watu wa miaka ile walishatawanyika, wengine Machakos, wengine mbali zaidi, wengine kwa Mungu. Mzee mmoja alikumbuka dereva mrefu mwenye mzaha. Hakukumbuka mwanamke. Alikumbuka mzaha mmoja wa lori na punda, akausimulia wote kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa. Dinah aliurudia kwa Mwihaki. Mwihaki alikuwa ameshauandika, kwenye ukurasa wa kabla ya ule.

Siku ya tisa Munguti hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, amevaa shati safi, na Mwihaki akajua kabla hajafungua geti. Mtu wa Nairobi alikuwa amefungua. Sahani ilikuwa na mkwaruzo wa duara, mpana, kama ule unaobaki sufuria ikisuguliwa kwa steelwool. Hakuna kilichosomeka. Munguti alitoa diski mfukoni, imefungwa kwenye plastiki, akampa kwa mikono miwili.

"Sikutaka kukuambia kwa simu, mum."

"Umefanya vizuri. Utakunywa chai?"

"Niko na watu wamengoja kwa kibanda."

"Kunywa."

Akanywa, wakiwa wamesimama jikoni. Alipokuwa akitoka alisimama karibu na meza, akaiona laptop iliyokuwa imerudishwa tupu, na juu yake kitambaa kimekunjwa vizuri mara nne. Akaenda zake.

Jioni ile jua lilikuwa bado juu, likiingia kwa dirisha la Ngigi. Mwihaki alivuta kiti karibu na kitanda. Alikuwa na daftari la mazoezi la shule na kalamu. Ngigi alimtazama kwa lile jicho lake moja lililokuwa bado linafuata mtu.

"Baba Judy," akasema. "Nina neno la kukuambia. Unanisikia?"

Ngigi alilia.

"Ule ukurasa wa Magadi sina. Laptop imekufa nao. Niliifunika nikaiua. Na sikuwahi kukusomea kama ulivyoniomba. Nilisema siku nyingine." Alipangusa shavu lake, akapangusa lile lingine. "Nilikuandika, lakini sikukusikiliza. Nisamehe kama unaweza. Sasa nitakutajia majina. Nikifika penyewe, fumba jicho. Hata kidogo. Nitaona."

Akaanza na N, maana ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na hata hiyo hakuwa na hakika. Alisoma pole pole kutoka kwenye daftari, majina ya wanawake aliyokuwa amekusanya wiki nzima. Nzula. Ngigi akalia. Nduku. Akalia. Nashipae. Akalia. Nailantei. Machozi yaliendelea kwa mwendo ule ule, bila kuongezeka, bila kupungua, na jicho lilibaki wazi. Akahamia majina ya watoto, ya kiume, ya kike. Mulwa. Simel. Linda. Aliinama karibu zaidi, akashika mkono uliokuwa na uhai, akaomba umkamate japo kidogo. Mkono ulikuwa wa joto na haukusema kitu.

Aligeuza kurasa kumi na mbili. Barabarani malori ya mawe yalipita, vumbi likaja likatua kwenye dirisha, na hakuinuka kulifunga.

Mwishoni, kwa kujaribu tu, kwa kutaka kujua kama kuna mtu yeyote bado anajibu mlango, akataja jina lake mwenyewe.

"Mwihaki," akasema. "Ni Mwihaki?"

Ngigi alimtazama na kulia, vilevile kabisa, kama alivyowalilia Nzula na Nduku na wote.

Mwihaki akafunga daftari, akamgeuza ubavu wa pili kwa sababu saa ilikuwa imefika, akaenda jikoni kuleta uji.